Seti ya kudarizi mto kwa mtindo wa bargello: uzoefu wangu

Seti hii ni ya foronya ya mto wa kochi, sentimita 40 kwa 40, yenye mawimbi ya bargello, yaani udarizi wa mishono wima inayopanda na kushuka, kwa rangi saba. Ndani mna kanvasi nyeupe ya vitundu 13 kwa inchi, sindano mbili butu namba 20, vibunda vya uzi wa sufu na karatasi ya mchoro. Rangi wamezichagua vizuri kasoro sehemu moja. Maelekezo yao ya ukingo ni ya kuyapuuza.

Mishono ya bargello haiendi mshazari. Kila mmoja unasimama wima ukiruka nyuzi 4 za kanvasi, na unaofuata unapanda au kushuka nyuzi 2. Ukipanda mshono mmoja mmoja, wimbi linatoa ncha kali kama ulimi wa moto; ukipanga miwili au mitatu kwenye kimo kimoja, ncha inalainika na kuwa kilima. Mchoro huu unatumia yote mawili, ncha kali juu na mabonde mapana chini, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Mstari wa kwanza lazima uanzie katikati, uhesabiwe kwa utulivu mpaka kingo zote mbili. Kanvasi haina kitu kilichochapwa cha kukuongoza, kwa hiyo ukiteleza uzi mmoja tu, mistari yote ya juu na ya chini inarithi kosa hilo. Baada ya hapo huhitaji tena karatasi: unafuata wimbi lililotangulia na kubadilisha rangi. Kimo cha sentimita 40 kina nyuzi kama 205, hivyo mfululizo wa rangi saba unajirudia mara saba na kidogo.

Rangi zenyewe zinakwenda hivi: damu ya mzee, kutu, chungwa, manjano, krimu, samawati, nili, kisha damu ya mzee tena. Kutoka kutu hadi krimu hatua zimepimwa vizuri sana. Ukifumba macho nusu unaona mwanga ukipanda polepole bila kuruka. Tatizo ni pale nili inapokutana na damu ya mzee. Kwa karibu moja ni buluu na nyingine nyekundu, hakuna ubishi. Rudi nyuma hatua chache, zinaungana na kuwa mkanda mmoja mzito wa giza, kwa sababu zimekolea sawasawa. Kuhakikisha ni rahisi: zilaze nyuzi zote kando kwa kando, zipige picha kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Rangi mbili zinazotoa kijivu kilekile hazitatenganishwa na macho kwa mbali.

Nilihamisha krimu nikaiweka katikati ya nili na damu ya mzee. Manjano sasa inapakana na samawati, nazo zinaelewana. Mkanda ule wa giza umepasuliwa na mstari mwembamba unaong'aa, na wimbi zima limepata uhai. Uzi hauongezeki hata kidogo, maana kila rangi inabaki na idadi ileile ya mistari.

Usishangae krimu ileile ikibadilika ukiihamisha. Pembeni ya samawati inavuta kwenye uchungwachungwa; pembeni ya damu ya mzee inapoa na kuwa na ukijani kidogo. Mkemia Michel-Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris, alipolalamikiwa kwamba nyuzi nyeusi zimefifia, aligundua kwamba kosa halikuwa la rangi bali la majirani zake. Aliyachapisha hayo mwaka 1839. Kwa hiyo usiihukumu rangi ikiwa bado kwenye kibunda. Dariza mistari mitatu pamoja na jirani zake, mchana, karibu na dirisha. Taa ya njano inaila samawati.

Sasa kasoro za vifaa. Kanvasi nyeupe chini ya nili inachungulia kati ya mishono, kwani mshono wima hufunika kidogo kuliko wa mshazari. Ongeza unyuzi mmoja wa sufu kwa zile rangi mbili nzito, au ipake kanvasi rangi ya kahawia isiyochuja kabla ya kuanza. Usivute kwa nguvu: uzi ukikazwa unakonda, na tundu linaonekana. Kata vipande vya sentimita 45 hivi, si zaidi, kwa sababu sufu inasuguliwa na vitundu na kuchakaa. Ikianza kujisokota, iachie sindano ining'inie mpaka ijinyooshe yenyewe. Pandisha sindano kwenye tundu tupu na kuishusha kwenye tundu lenye uzi tayari, ili vinyweleo visukumwe nyuma badala ya kuvutwa mbele na kuchafua rangi ya jirani. Na uzi wa nili usiupitishe nyuma ya krimu, utaonekana.

Ukingo wa nili wa sentimita 2 watengenezaji wanataka ushonwe kwa nusu msalaba, yaani mshono mfupi wa mshazari, ili kuokoa uzi. Kwenye kanvasi ya kawaida ambayo nyuzi zake hazijafungwa, mshono huo unateleza na kuvuta pembe upande mmoja. Tumia msuko wa kikapu, nao ni wa mshazari pia ila kwa nyuma nyuzi zinasukana kama kikapu. Unakula uzi zaidi, ila kanvasi inabaki mraba.

Kwa hiyo pima mapema: dariza kipande kimoja cha sentimita 45, angalia kimefunika eneo gani, kisha piga hesabu ya ukingo mzima. Ukiona nili haitatosha, agiza sasa ukitaja namba ya mkupuo, yaani fungu la uzi lililotiwa rangi kwa pamoja, iliyo kwenye lebo ya kibunda. Mikupuo miwili ya rangi moja hutofautiana kidogo, na kwenye ukingo wa rangi moja tofauti hiyo haifichiki.