Modemu ya akiba kwa kituo cha VSAT: ipi ya kununua kwanza

Dishi la VSAT, yaani la intaneti ya setilaiti, la hospitali ya kisiwani au kambi ya hifadhi likinyamaza, modemu mara nyingi haina kosa. Huenda konekta imeingia maji na shaba yake imeota kijani, au BUC (kirushio cha mawimbi kilicho kwenye dishi) imechoka kwa joto, au umeme umerudi kwa kishindo. Kwa hiyo tumepanga vifaa hivi kwa hitilafu ambazo kila kimoja kinaziba. Bei haikuwa kigezo.

1. Ruta ya njia mbili, na njia ya pili isiyotumia dishi lilelile

Kwa vituo vingi, anzia hapa. Hii hukuokoa hata kituo kikuu cha mtoa huduma (cha ardhini, kinachounganisha setilaiti na intaneti) kikizima. Penye mnara wa simu, weka modemu ya 4G yenye antena ya nje. Pasipo na mnara, tumia setilaiti za chini kama Starlink pale zilipopewa kibali; Kenya na Rwanda zinatumika tangu 2023. Kwa Tanzania, waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla hujaingiza kifaa.

Laini mbili za kampuni mbili za simu si lazima ziwe njia mbili, kwa sababu zote zaweza kutegemea nyaya zilezile za chini ya bahari. Mwezi Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani. Katika hali kama hiyo VSAT ambayo kituo chake kikuu kiko Ulaya huendelea na kazi.

Mpango huu huharibikia kwenye mipangilio ya ruta. Ikiangalia taa ya mlango tu, haitajua kwamba setilaiti imepotea, maana modemu bado inawaka. Ipangie kupiga pingi (kutuma ujumbe mfupi wa majaribio na kungoja jibu) anwani mbili za nje, kwa mfano 1.1.1.1 na 8.8.8.8, kila sekunde 5, ihame zote mbili zikikosa kujibu mara 4 mfululizo. Muda wa kungoja jibu uwe sekunde 2. Setilaiti ya VSAT iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, hivyo pingi hurudi baada ya milisekunde 600 hivi. Ruta iliyowekewa milisekunde 500 itahamahama kutwa nzima bila sababu. Kabla ya kurudi kwenye VSAT, isubiri njia itulie dakika 5.

2. Modemu ya pili ya aina ileile, kabatini

Inaziba hitilafu moja tu, lakini inaiziba vizuri kwa gharama ndogo. Siku unayoinunua, mpe mtoa huduma namba yake ya utambulisho aisajili. Kwenye mitandao mingi ya kugawana masafa, faili la mipangilio hufungwa kwa namba hiyo, kwa hiyo kunakili la modemu ya zamani hakusaidii. Kila miezi mitatu iunganishe nusu saa ipate toleo jipya la programu. Iliyolala mwaka mzima yaweza kukataliwa na kituo kikuu siku unapoihitaji.

Wakati wa kubadilisha, zima modemu kwanza, ndipo ufungue waya wa kutuma. Kiini cha waya huo mara nyingi hubeba volti 24 za kulisha BUC ndogo. Kikigusa ganda la nje, unaweza kuunguza modemu. Kisha hakikisha modemu mpya imewashiwa volti hizo, pamoja na mawimbi rejea ya megahezi 10 kama BUC yako inayahitaji. BUC ya aina hiyo isipoyapata hairushi chochote, na fundi atahangaika na dishi bure. Usiiwashe modemu mpya kwenye plagi ileile iliyoua ya kwanza kabla ya kukagua waya wa athi na UPS.

3. Modemu mbili na swichi ya kujigeuza

Hii ni ya benki, redio na viungo vya laini maalum ambako sekunde zina thamani. Modemu ziwe za aina moja, toleo moja la programu na leseni zilezile. Nunua swichi yenye vyanzo viwili vya umeme. Yenye kimoja inabaki kuwa mahali pamoja pa kuvunjikia. Usijaribu kuokoa fedha kwa kuunganisha nyaya za kutuma kwa kigawanyio cha kawaida, kwa sababu modemu mbili zikirusha pamoja zinavuruga mawimbi na mwenye setilaiti atakufungia. Upande wa kupokea kigawanyio kinakubalika, ila kinapunguza desibeli 4 hivi, na volti za LNB (kipokezi kilicho kwenye dishi) zipite mguu mmoja tu wa kigawanyio.

Swichi haisaidii mvua kubwa ikimeza mawimbi ya Ku, masafa yanayotumiwa na VSAT nyingi. Haisaidii pia jua linapokaa nyuma ya setilaiti, dakika chache kwa siku. Kwetu karibu na ikweta hilo hutokea Machi na Septemba.

4. Kifaa cha kubeba cha BGAN

BGAN ni intaneti ya setilaiti ya Inmarsat. Kasi yake ya kawaida haizidi kilobiti 492 kwa sekunde, na data yake ni ghali mno. Lakini masafa yake ya L hayaogopi mvua, na kinawaka kwa betri. Kinatosha kwa ujumbe, simu na barua pepe. Zima masasisho ya kompyuta kabla ya kuunganisha, au kifurushi chote kitaisha kwa saa moja.