Miche ya paulownia ya maabara: mche mzuri, kijitabu kibovu

Katika biashara ya miti inayokua haraka hakuna mche unaopambwa kwa maneno kama paulownia. Utaambiwa unavuna mbao baada ya miaka 3, kila mti unatoa mita 1 ya ujazo, haudai maji wala mbolea, tena unafyonza hewa ukaa kupita miti mingine. Tunachotathmini hapa ni miche chotara iliyozalishwa maabara, ile inayofika kwenye trei ikiwa na urefu wa sentimita 15 hadi 30. Mche wenyewe ni bidhaa nzuri. Kijitabu kinachoambatana nao, chenye ahadi hizo, ndicho cha kutilia shaka.

Sababu ya kulipia mche wa maabara badala ya kipande cha mzizi kilichochimbwa shambani kwa jirani ni ugonjwa. Paulownia hushikwa na ufagio wa mchawi: matawi madogo yanafumka rundo moja kama ufagio, majani yanakuwa madogo ya njano, na mti unadumaa. Huletwa na vijidudu vya fitoplazma, navyo hujificha kwenye mizizi, hivyo ukikata vipande 100 kutoka mti mmoja mgonjwa umejipandia wagonjwa 100. Mbegu nazo zina tabu yake. Ni kama vumbi, mti mmoja uliokomaa hutoa mamilioni, na miche yake haifanani. Aina ya Paulownia tomentosa imegeuka gugu vamizi mashariki mwa Marekani kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo muulize muuzaji ni chotara wa aina zipi, kama elongata na fortunei au nyingine. Akijibu kwamba ni "paulownia tu", trei yake iache hapo hapo.

Mizizi ikaguliwe kabla ya kulipa. Chomoa mche mmoja: iwe myeupe, imeshika udongo wote, bila kuzunguka chini kama kamba. Mzizi uliojizungusha hauji kunyooka, na mti wake ndio upepo huung'oa baadaye ukiwa na majani mapana juu na hauna nanga chini. Jambo la pili ni ukomazaji. Mche uliotoka kwenye chupa za maabara umezoea unyevu wa juu, jani lake ni laini kama la mchicha. Usipopitishwa kwanza kwenye kivuli hafifu kwa wiki 3 au 4, jua la siku ya kwanza shambani litauunguza. Miche mingi inayodaiwa kuwa "mibovu" ilikufa hivyo, na muuzaji asiyekomaza miche yake anamhamishia mnunuzi hasara.

Shamba lenyewe ndilo linaloamua zaidi. Paulownia haivumilii maji yaliyotuama. Chimba shimo la mita 1.5 hadi 2 wakati wa mvua. Ukikuta maji, au udongo wa mfinyanzi unaoshikamana, panda kitu kingine. Mizizi yake ni minene yenye nyama, ikikosa hewa huoza ndani ya siku chache. Dalili yake huwapotosha wengi: majani yananyauka kana kwamba mti una kiu, mkulima anaongeza maji, na hapo anauua kabisa. Kwenye udongo tifutifu unaopitisha maji, shimo la sentimita 50 kila upande lenye samadi iliyoiva linatosha. Nafasi ya mita 4 kwa 4 inatoa miti 625 kwa hekta, na mita 5 kwa 5 inatoa 400. Ukilenga magogo manene, chukua ya pili. Hilo la kutohitaji maji halina ukweli kwa mche mchanga: kiangazi cha kwanza unataka lita 10 hivi mara 2 kwa wiki, matandazo, na mduara wa mita 1 usio na magugu.

Sasa tufike penye mbao. Mwaka wa kwanza shina huwa limepinda. Usihangaike kulinyoosha. Msimu wa ukuaji unapokaribia kuanza tena, likate sentimita 3 hadi 5 juu ya ardhi. Kisiki kitatoa machipukizi mengi. Yakifika sentimita 15 hivi bakiza moja tu, lenye nguvu na lililotokea chini kabisa. Likiwa na mzizi wa mwaka mzima chini yake hupanda mita 4 hadi 6 kwa msimu mmoja, limenyooka kama mlingoti. Mkulima mgeni humwonea huruma mti asiukate, na miaka inayofuata anabaki na gogo lenye kona.

Kisha inaanza kazi ambayo kijitabu huigusa kwa sentensi moja. Majani ya paulownia hutoka mawili mawili yakitazamana, na kwenye kwapa la kila jani pana chipukizi linalotaka kuwa tawi. Kila wiki pita mstari kwa mstari. Chipukizi likiwa na sentimita 2 au 3 lisukume pembeni kwa kidole gumba, litakatika kwa mlio mdogo. Jani lenyewe liache, ndilo linalolisha shina. Wiki inayofuata rudi kwenye kwapa lile lile, kwa kuwa chini ya chipukizi la kwanza mara nyingi kuna jingine limejibanza. Endelea hadi mita 5 au 6. Ukichelewa mpaka tawi linenepe kama kidole, utahitaji kisu, na kidonda kitaacha jicho kwenye mbao. Baya zaidi, shina changa lina uwazi katikati kama bomba, kwa hiyo kidonda kikubwa ni mlango wa maji na uozo. Ncha ya juu nayo ikifa kwa baridi, machipukizi mawili yaliyotazamana hushindana na mti hugawanyika panda. Toa moja mapema.

Na ile mita 1 ya ujazo kwa mti? Gogo la mita 6 linahitaji kipenyo cha wastani cha sentimita 46 kufikia hapo. La mita 5 lenye sentimita 25 lina mita za ujazo 0.25 tu, na ukiondoa maganda, mabanzi na vumbi la msumeno, karibu nusu inabaki kuwa mbao. Miaka 8 hadi 12 kwenye shamba zuri ni hesabu ya kweli. Miaka 3 ni nguzo laini isiyomfaa mtu.

Ulaini huo ndio wa kuelewa kabla ya kununua. Mita ya ujazo ya mbao kavu ya paulownia huwa na kilo 280 hivi. Mkaratusi huweza kuzidi 600. Haifai kenchi, haifai sakafu, skrubu hazishiki vizuri. Inafaa mizinga ya nyuki, milango ya kabati, ubao wa ndani wa skii za kuteleza thelujini na wa mbao za kuteleza mawimbini, pamoja na vyombo vya muziki. Madai ya hewa ukaa yapimwe kwa uzito huo huo, kwa kuwa nusu ya mbao kavu ni kaboni: kilo 140 kwa mita ya ujazo, si maajabu. Lile la kwamba mti huu una usanisinuru wa C4 kama mahindi (njia ya kujitengenezea chakula kwa jua yenye ufanisi zaidi kwenye joto) lilitokana na nukuu zisizo sahihi zilizorudiwarudiwa. Ni mti wa C3, njia ya kawaida, kama miti mingine mingi. Wala si jamii ya kunde, haurutubishi udongo kwa naitrojeni. Kisiki kuchipua tena baada ya mavuno, hilo ni kweli.

Soko la Japani, ambako mbao hii huitwa kiri na hutengenezewa makabati ya nguo na vinanda vya koto, hupendelea pete za ukuaji zilizobanana, yaani mti uliokua taratibu. Huko pia mbao zilizopasuliwa husimamishwa nje zipigwe na mvua na jua kwa miezi mingi ili utomvu unaozitia weusi uoshwe. Anayezirundika mbichi bila vijiti vya kuachanisha huzikuta na mabaka ya kijivu, na mabaka hayo randa haiyafikii yote.