Mashine ya msasa ya diski kwa karakana ndogo ya Dar: ipi ununue kwanza

Ukiingia duka la vifaa Gerezani ukaulizia mashine ya msasa ya diski (sahani iliyobandikwa msasa, inazungushwa na mota mbele ya meza ya kuwekea mbao), muuzaji ataanza na nguvu ya mota na rangi ya mashine. Msikilize, lakini kabla hujatoa hata senti jiulize swali moja: mbao pana kuliko zote unayotaka kuinyoosha kichwa, yaani ncha iliyokatwa, ina inchi ngapi?

Nasema hivyo kwa sababu diski haitumiki yote. Inapozunguka, upande mmoja unashuka kuelekea mezani na upande wa pili unapanda. Kazi hufanyika upande unaoshuka peke yake, kwa kuwa huo ndio unaoikandamiza mbao kwenye meza. Upande unaopanda unainyanyua mbao, unajaza macho vumbi, na kipande kidogo unaweza kukirusha usoni. Kwa hiyo diski ya inchi 6 inakupa inchi 3 za kufanyia kazi. Ya inchi 8 inakupa 4, ya inchi 12 inakupa 6. Sasa fikiria mbao unazonunua kila siku Buguruni au Manzese: mbili kwa nne, mbili kwa sita. Kichwa cha mbili kwa sita kinataka diski ya inchi 12, na mashine ndogo haiwezi kukimaliza kwa mkupuo mmoja hata mota yake iwe na nguvu namna gani.

Jambo la pili ni meza. Diski yoyote inakwangua mbao. Meza ndiyo inayoamua kama utapata pembe sawa au utapata kazi ya kuziba kwa gundi na unga wa mbao. Nililijua hili kwa hasara. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa ndogo, yenye mkanda wa msasa na diski pamoja, meza ya alumini nyepesi na geji ya plastiki ya kushikia mbao kwenye pembe unayotaka. Nilipata oda ya fremu za picha za mninga, upana wa milimita 50. Geji ilikuwa inacheza kidogo kwenye mfereji wake, kama nusu digrii hivi, kitu ambacho jicho halikioni. Lakini fremu ina pembe nne na kila pembe ina vichwa viwili. Nusu digrii mara nane ni digrii nne, na zote zinajikusanya kwenye kona ya mwisho. Kona tatu zilifunga vizuri, ya nne ikabaki na mwanya wa karibu milimita 5. Nilizirudia zote kwa randa ya mkono, usiku, na mninga ule ulikuwa wa pesa za mteja.

Mpangilio wangu basi ni huu, kwa fundi mwenye karakana ndogo yenye umeme wa fezi moja.

Ya kwanza: diski ya inchi 12, mpya, imefungwa moja kwa moja kwenye mota

Kama unatengeneza milango, viti, meza na makabati, hii ndiyo mashine. Tafuta mota ya induksheni ya mizunguko kama 1,450 kwa dakika, nguvu ya wati 750 au zaidi. Kwa mwendo huo ukingo wa diski unakimbia takriban mita 23 kwa sekunde, kasi inayokata bila kuchoma mbao ukiwa na mkono mwepesi. Mota ya induksheni haipigi kelele kama ya grenda, haina kaboni za kubadilisha, na ikiungua mafundi wa kuwaindi wapo wengi mjini.

Iwe na meza ya chuma cha kusubu. Meza hiyo ni nzito, haitetemeki, na ukiifunga kwenye digrii 90 inabaki hapo. Tatizo lake kwa Dar ni kutu. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na masika ukiiacha wiki mbili bila kuigusa utakuta imekuwa ya kahawia. Ipake nta kila unapoifanyia usafi. Usitumie oili, itaingia kwenye mbao na rangi haitashika.

Usumbufu mkubwa wa inchi 12 ni msasa wenyewe. Karatasi ya kawaida inayouzwa kila duka la vifaa ina milimita 230 kwa 280, haitoshi diski ya milimita 305. Kwa hiyo muulize muuzaji, kabla ya kulipa, kama ana misasa ya mviringo ya saizi hiyo, ukali namba 80 na 120, na akuoneshe kwa macho. Njia nyingine ni msasa wa kitambaa unaouzwa kwa mita. Ukiupata wenye upana wa milimita 300 unaukata mviringo na kuubandika mwenyewe, ukingo unaobaki wazi ni kama milimita mbili na nusu tu.

Ya pili: inchi 12 ya mtumba kutoka Ulaya

Kuna mashine za zamani zilizotoka shuleni na viwandani huko, nzito kiasi cha kubebwa na watu wawili au watatu, na zitakuzidi umri. Ningeziweka juu ya zile mpya kama si suala la umeme. Soma kibati cha mota kabla ya kupatana bei. Kikisema volti 400 peke yake, ni ya fezi tatu na kwa fundi wa nyumbani ni mzigo. Kikisema 230/400, fundi umeme anayejua kazi anaweza kuiunganisha kwa delta (mpangilio wa waya unaoifanya itumie volti 230) na kuiendesha kwa kifaa cha kugeuza fezi moja kuwa tatu, lakini weka gharama ya kifaa hicho kwenye hesabu yako.

Jihadhari na mtumba wa Japani, ambako umeme wa majumbani ni volti 100, na wa Marekani, wa volti 120 na hezi 60. Sisi tunatumia volti 230, hezi 50. Transfoma inapunguza volti, haibadilishi hezi. Mota ya induksheni iliyoundwa kwa hezi 60 ikiwekwa kwenye 50 inazunguka taratibu kwa kama sehemu moja ya sita na inapata joto zaidi. Mashine ikiwa nzuri hata ukaipenda, kadiria na bei ya mota nyingine.

Ya tatu: inchi 8

Watu wanaipita hii dukani na mimi naitetea. Diski ya milimita 200 inaenea ndani ya ile karatasi ya kawaida ya 230 kwa 280. Maana yake hutakosa msasa hata ukiwa Mbagala Jumapili jioni: unanunua karatasi, unakata duara, unabandika kwa gundi ya kunyunyiza. Inamaliza kichwa cha mbili kwa nne, ingawa kwa kubana. Kwa anayetengeneza stuli, vinyago, vibao vya kukatia mboga, fremu na vitu vya watoto, inatosha kabisa. Hakikisha tu meza ni ya chuma na geji haichezi.

Ya nne: mashine ya mkanda na diski pamoja

Kwa kawaida ina diski ya inchi 6 na mkanda wa inchi 4 kwa 36, mota ya wati 370 hivi. Ni ndogo, ni nyepesi, na mkanda wake una kazi nzuri ya kunyoosha kingo na kulainisha mizunguko. Kama utainunua, inunue kwa ajili ya mkanda. Diski iliyobaki ichukulie kama nyongeza ya vipande vidogo. Nyingi zinakwenda mizunguko 2,850, na mninga au mkongo ukigandamizwa kwa sekunde chache unapata doa jeusi.

Ya tano: ya kuchomelewa mtaani

Mafundi wetu wa kuchomelea wanaweza kukutengenezea, na nimeona moja Chang'ombe iliyonyooka kuliko za dukani. Siri zake zilikuwa mbili: diski ilichongwa kwenye mashine ya kuchongea vyuma badala ya kukatwa kwa gesi, na mota ilikuwa mpya. Ukikosa kimoja kati ya hivyo, utapata mashine inayotikisa meza nzima. Niliiweka ya tano kwa sababu ubora unategemea fundi uliyempata siku hiyo.

Kufunga grenda kwenye jiliwa na kuweka diski ya msasa siipi nafasi yoyote. Inazunguka zaidi ya mizunguko 10,000 kwa dakika, haina meza, na vidole ni vyako.

Siku ya kununua, beba skwea yako na msumari. Simamisha skwea mezani, iguse diski, kisha egemea ukingo wa meza kwa uzito wako: ukiona mwanga umeingia kati ya skwea na diski, meza hiyo ni dhaifu. Shikilia msumari karibu na ukingo wa diski, izungushe kwa mkono, uone kama nafasi inapanuka na kubana: ikiwa hivyo, diski haikunyooka. Nafasi kati ya meza na diski isizidi milimita 2, vinginevyo vipande vyembamba vitaingia humo. Kisha omba iwashwe, usimamishe sarafu ya shilingi 200 juu ya meza kwa ukingo wake. Ikianguka yenyewe, diski haina mizania. Izime, usikilize inavyojisimamia. Beringi nzima haikoromi.

Nyumbani, usiiwashe kwa waya mrefu mwembamba. Umeme ukifika mdogo, mota inavuta ampea nyingi zaidi, inachemka, na kapasita, kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza, ndiyo inaanza kufa. Kwa waya wa mita 10 hadi 20 tumia wa milimita 2.5 za mraba. Msasa wako uhifadhi kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko, maana unyevu unakunja karatasi na gundi inaachia. Ukijaa unga, usiutupe haraka: washa mashine na uusugue kwa soli ya kiatu cha zamani cha raba ghafi, utakuta umefunguka.

Kuhusu vumbi sitanii na mtu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995, na vumbi la mninga na mvule linawasha pua na kifua cha watu wengi. Mashine isiyo na mdomo wa kuunganisha bomba la kunyonya vumbi iache dukani. Kwenye diski ya inchi 12 tafuta mdomo mpana, ikiwezekana milimita 100. Barakoa vaa hata hivyo, na glovu vua, kwa sababu diski inaweza kuivuta pamoja na mkono. Tena usiruhusu mtu anolee patasi au panga hapo: cheche zikiingia kwenye mfuko wa vumbi zinaweza kufukuta kimyakimya na moto ukawaka mmeshafunga karakana.

Chukua risiti ya EFD, na mwambie muuzaji aandike juu yake namba ya mashine na muda wa warranti.