Nilimlipa daktari wa mifugo anichagulie mitamba wa kuzalisha

Mimi naishi Bamburi, ng'ombe wangu wako Kinango, kaunti ya Kwale. Ni ng'ombe wa nyama, Boran na machotara wao. Ukame wa 2022 ulinimalizia nusu ya zizi, na nilipoanza kununua tena nilikwenda peke yangu, nikamsikiliza dalali. Nikachukua mitamba wanne, yaani majike wachanga ambao hawajazaa, wanene, wanang'aa. Wawili mwaka mzima hawakushika mimba. Wa tatu alizaa, lakini chuchu zake zilikuwa nene kama muhogo, ndama hakuweza kuzitia mdomoni. Yule ndama alinifia mikononi, na mpaka leo naumia nikimkumbuka.

Safari hii nikamlipa daktari wa mifugo twende pamoja: shilingi 7,000 kwa siku nzima, na mafuta ya gari juu yangu. Watu wengi hapa Mombasa humwita daktari ng'ombe akishalala chini. Mimi nasema mwite kabla hujatoa pesa.

Tulikwenda boma moja nje ya Mariakani. Tulikubaliana tukutane saa moja asubuhi, daktari akafika saa tatu na nusu kwa sababu ya foleni ya feri Likoni. Hilo lilinikera, maana jua lilishakuwa kali na ng'ombe wanahema.

Lakini alipoanza kazi niliona tofauti. Hakumshika hata mmoja mwanzo. Alisimama kando, akamwomba mchungaji awapitishe taratibu, akawa anatazama miguu kutoka nyuma: kwato ya nyuma inakanyaga wapi, nani anachechemea, nani anapandisha kichwa na kutaka kupiga watu. Mkali alimtoa papo hapo. Alisema ukali huo ndama ataurithi, na siku ya josho nitajuta. Mmoja mkubwa kupita wote, niliyekuwa nimempenda, akamkataa pia: "Huyu kwa malisho ya Kinango kiangazi hutamshibisha, na asiyeshiba hapandwi akashika."

Kisha meno. Ng'ombe hana meno ya mbele juu, kwa hivyo unafungua mdomo wa chini tu. Mwenye meno mawili makubwa ana kama miaka miwili, mwenye manne anakaribia mitatu. Wawili walioitwa "mitamba" walikuwa na manane yaliyoanza kuchakaa. Mwenye boma alinyamaza.

Jambo lililonistahilia pesa yangu ni kupima mimba. Alivaa glavu ya plastiki inayofika begani, akapaka sabuni, akaingiza mkono kwa nyuma, akafumba macho. Kwa mmoja alikaa sana, kisha akatabasamu: mshipa wa kizazi ulikuwa unatetemeka vidoleni, miezi mitano hivi. Wa pili tuliambiwa ana mimba kubwa. Akatoa mkono, akasema neno moja: "Mtupu." Yule peke yake angenichukulia 85,000.

Kati ya kumi na mmoja tulichukua sita. Aliwatoa damu kupima ugonjwa wa kutupa mimba, na majibu yalikuja baada ya siku tisa, wote salama. Kibali cha kuwasafirisha alinielekeza vizuri, na akanisisitizia niwatenge siku thelathini, wasichanganyike na wangu. Upande ule wa Kwale kuna mbung'o, wale nzi wanaoambukiza ng'ombe ugonjwa, kwa hivyo akanipa na ratiba ya dawa.

Kasoro yake kubwa: haandiki. Kila kitu alikisema kwa mdomo, na nilipotaka karatasi yenye umri wa kila mtamba na miezi ya mimba, aliniahidi, sikuiona. Na mmoja alizaa wiki tano baada ya tarehe aliyonitajia. Nimekaa macho usiku mwingi zizini bure.

Hata hivyo wote sita wamezaa wenyewe, hakuna aliyevutwa ndama. Jana nimemtazama yule wa miezi mitano: kiwele kimekaa juu, chuchu nne ndogo sawasawa, na ndama wake ananyonya kwa fujo mpaka povu linamtoka mdomoni.

Baada ya mvua za vuli naenda naye tena kutafuta ndume. Tutalala Mariakani ili tuanze alfajiri, na daftari nitabeba mimi.