Strathmore kwa mzazi wa Malindi: ada kali ila kazi inaonekana

Wazazi wenzangu wa Malindi mnaouliza kuhusu Strathmore, chuo kikuu cha binafsi kule Nairobi, binti yangu yuko pale mwaka wa pili na wallahi sijutii, ingawa ada inauma na basi la usiku mpaka Nairobi linachosha. Hiki chuo si cha jana, kilianza 1961 mkoloni bado yupo, na kikachukua wanafunzi wa rangi zote wakati shule zilitenganishwa kwa rangi, 1993 kikaungana na chuo cha Kianda wakahamia mtaa wa Madaraka, Nairobi, na 2008 kikapata chata, yaani kibali rasmi cha kuwa yunivasiti. Wamekua polepole ndo mana mambo yamenyooka. Mavazi wanakagua kweli, mwanangu alinung'unika mwanzoni saivi anapiga pasi usiku. Nyumba tafuteni mapema, kodi ya Nairobi si mchezo.