Phoenix yangu na rangi ya kopo: mara ya kwanza miezi mitatu, mara ya pili bado ipo

Baiskeli yenyewe ni Phoenix nyeusi, ya chuma, yenye breki za fimbo, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Nakaa Chumbageni, Tanga, na kila asubuhi naenda nayo Raskazone, kando kabisa ya bahari. Kwa upepo ule wa chumvi, kutu ilikuwa imeshika mabomba ya nyuma na uma wa mbele kiasi kwamba ukiibeba unachafuka shati.

Nimeipaka mara mbili, zote kwa makopo ya kupuliza ya mililita 400 kutoka duka moja la hadiwea Ngamiani. Rangi ileile, bluu ileile. Ya kwanza ilidumu miezi mitatu. Ya pili ina mwaka na nusu sasa. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema rangi ya kopo ni takataka, huwa namuuliza kwanza aliipuliza juu ya nini.

Mimi mara ya kwanza niliipuliza juu ya uvivu. Nilipitisha brashi ya waya juu juu, madoa sugu nikayafunika kwa rangi ya mafuta iliyobaki tulipopaka mlango, kesho yake nikapuliza bluu. Dakika chache tu ikakunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa. Thina iliyomo kwenye kopo, yaani kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, ni kali. Ikikuta rangi ya mafuta haijakauka hadi ndani, inaiinua. Nikasugua, nikarudia saa 12 jioni baada ya kazi. Unyevu wa usiku ukaingia kwenye rangi, asubuhi nikakuta bluu ina ukungu mweupe. Nikaifunga hivyohivyo, na siku hiyohiyo klipu za keria zikang'ata rangi hadi kwenye chuma. Kutu ilianzia hapo. Haikai palepale ilipoanza, inatambaa chini ya rangi. Unaona kipele, ukikigusa kwa kucha linatoka ganda zima.

Mara ya pili nilisubiri likizo ya Januari, kaskazi inavuma, mvua hamna. Nilifungua kila kitu. Pini za pedeli zilinishinda, nikampelekea fundi wa mtaani akazigonga. Kisha nikaiosha fremu kwa sabuni ya unga na maji ya moto kabla ya kugusa msasa. Hili la kuosha kwanza wengi wanaliruka, lakini ukisugua penye grisi unaishindilia grisi kwenye mikwaruzo, na rangi haitashika pale.

Msasa nilianza na namba 80 penye kutu, nikaenda 120, nikamalizia 240. Siku mbili za vumbi na vidole vyenye malengelenge. Sikulainisha zaidi ya hapo, maana praima, ile rangi ya kwanza inayoshika chuma, inahitaji mikwaruzo midogo ya kung'ang'ania. Nikafuta kwa kitambaa chenye thina, na kuanzia hapo sikushika fremu kwa mkono mtupu, jasho nalo ni chumvi. Praima niliipuliza siku ileile niliyomaliza msasa. Chuma kitupu kikilala usiku mmoja Tanga, asubuhi kina rangi ya chai.

Fremu niliining'iniza kwa waya kwenye boriti ya banda, milango wazi, kitambaa puani, vikombe vya gololi na nyuzi za skrubu nimeviziba kwa karatasi na tepu. Nilipuliza kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana tu, kopo likiwa mbali kama shibiri moja na ushee, mkono ukitembea muda wote. Ukisimama mahali, rangi inatiririka machozi. Praima mikono miwili, yaani tabaka mbili, msasa 400 wa maji, bluu mikono mitatu myembamba, halafu mitatu ya ile rangi angavu isiyofunika bluu, ambayo mafundi wa magari huiita klia.

Kazi iliyonitesa zaidi ni kuiacha. Nusu saa tu unaigusa imekauka, lakini ukucha bado unaingia. Niliiacha siku kumi ikining'inia, huku naenda kila mahali kwa miguu na majirani wakiuliza kama nimeiuza. Wakati wa kufunga, kila klipu ya keria na madigadi niliiwekea kipande cha tyubu kuukuu chini yake. Mwisho nikamimina oili kidogo ndani ya bomba la siti, nikaigeuzageuza fremu, kwa sababu kutu inaanzia ndani pia. Oili iwe ya mwisho kabisa. Ikitangulia rangi, umeharibu kazi.

Kasoro zipo. Klia ya kopo haipendi petroli, tone moja lilinidondokea likaacha doa butu. Mnyororo wa kufuli umekwaruza bomba la juu. Huwa napuliza rangi kidogo kwenye kifuniko cha kopo na kuchovya brashi ndogo ya rangi za maji kuziba. Na mistari ya dhahabu ya Phoenix imepotea moja kwa moja, jambo ambalo mama bado ananilaumu.

Kwa anayebeba magunia ya mkaa au kreti za soda kila siku, nisingeshauri kopo. Atafute rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri, ni ngumu zaidi. Kwa safari zangu, imetosha. Makopo saba yaliisha: mawili praima, matatu bluu, mawili klia. Nunua bluu moja ya ziada, mimi ya kuzibia mikwaruzo imebaki robo.