Walitunyima Tamusuza

Ni wiki kadhaa sasa tangu nihudhurie tamasha la kwateti ya nyuzi hapa Nairobi, yaani wapigaji wanne: fidla mbili, viola na chelo, na hasira ya kunyimwa muziki wa Tamusuza haijanitoka. Naandika ili mwingine asikate tiketi kabla ya kuuliza.

Ukumbi ni mdogo, viti havifiki themanini. Nilikaa mbele kabisa, karibu na mpiga chelo kiasi cha kuuona unga wa ulimbo, ile gundi kavu inayopakwa upinde, ukidondoka kutoka kwenye upinde na kutua juu ya suruali yake nyeusi. Kila walipotaka kuanza nilimsikia akivuta pumzi. Hapo sina lawama. Muziki huu unataka ukaribu wa namna hiyo.

Walianza na mtunzi Haydn, ile kazi yake ya kwateti yenye tuni aliyomtungia Kaisari Franz mwaka 1797, ambayo leo ni wimbo wa taifa wa Ujerumani. Safi. Kisha kwateti ya nane ya Mrusi Shostakovich, aliyoiandika kwa siku tatu tu mwaka 1960. Sehemu zake tano zinafuatana bila kupumzika, na pale nyuzi zinapogonga kama watu wabaya mlangoni usiku, mama aliyekaa kando yangu alinishika mkono. Hatujuani.

Kilichonitoa nyumbani, lakini, ni kazi ya mwisho: Mu Kkubo Ery'Omusaalaba ya Justinian Tamusuza wa Uganda. Aliitunga mwaka 1988, na Kronos Quartet, kwateti ya Marekani, wakaitia kwenye albamu yao ya 1992. Miaka yote hiyo naisikiliza kwenye CD, sijawahi kuiona ikipigwa. Karatasi zake zilikuwa tayari kwenye stendi, jina nalisoma kwa macho yangu. Mara mshereheshaji akasimama, akawashukuru wafadhili mmoja baada ya mwingine, akamaliza kwa kusema muda umekwisha. Muda alioula yeye mwenyewe!

Nikamfuata dada mwenye beji pale mlangoni. "Samahani dada, na Tamusuza je?"

Macho hakuyatoa kwenye simu. "Mzee, kwani Haydn hakutosha? Hiyo ya mwisho ilikuwa ya kujazia tu."

Ya kujazia! Mtunzi pekee wa kwetu katika ratiba nzima, ndiye wa kujazia?

Nilikusudia kuwaambia msikanyage pale. Ila nikiukumbuka mwisho wa Shostakovich, sauti ikififia hadi hujui kama upinde bado unagusa uzi, roho inakataa. Wapigaji hawana kosa. Yule wa chelo alikuwa akifuta nyuzi kwa kitambaa, akaniona nimezikodolea macho zile karatasi. Akatikisa kichwa. "Tumeifanyia mazoezi mwezi mzima," akasema taratibu.

Mwezi mzima! Basi nasema wazi: waandaaji wale msiwape hata shilingi. Ila wale wanne, mkisikia wanapiga popote, hata gereji, nijulisheni. Nitakuja mapema nikae palepale mbele ya chelo, na Tamusuza apigwe kwanza, kabla mtu yeyote hajashika kipaza sauti.